Hati ya Kutoweka ya Bi Somoye

Wanaoijua nchi hii wanyamaze, na wasioijua wasogee karibu. Jina lake halitajwi hapa, kwa sababu sheria inamtaka kila anayelitaja asimame wima dakika mbili, na hadithi itachelewa bure.

Katika nchi hiyo palikuwa na Wizara ya Mambo ya Kale na Yaliyokwisha Kupita. Ofisi zake zilikuwa katika jengo jipya la vioo, na ndani yake hapakuwa na mtu aliyewahi kulala katika nyumba yenye umri mkubwa kuliko koti lake. Wizara hii ilianzishwa kwa ajili ya aibu. Rais wa nchi hiyo alikwenda mkutanoni ng'ambo, akawakuta marais wenzake wanajigamba kila mmoja na ustaarabu wake uliotoweka. Huyu ana mahekalu matupu, yule ana miji iliyofukiwa na mchanga. Zamu yake ilipofika akaulizwa, "Na kwenu je, watu wa kale walitowekaje?" Akajibu kwamba kwao wapo, anawaona sokoni. Wakamcheka mpaka chai ikapoa. Rais akarudi nyumbani na amri moja: kabla ya mwaka kwisha, nchi iwe na ustaarabu uliotoweka.

Basi katika mji mmoja wa nchi hiyo, Mtaa wa Mashubakani, alikuwa akiishi Bi Somoye binti Shekuwe, mjane wa miaka sabini na mmoja, pamoja na mjukuu wake Mwanahawa, mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, ya miaka mia tatu, kuta zake nene kiasi kwamba dirishani unaweza kumlaza mtoto. Chumba cha ndani kilikuwa na mashubaka ishirini na manne yaliyochongwa ukutani, safu kwa safu. Ngazi ya kupandia juu ilikuwa na kipandio kimoja kilichozidi wenzake kwa vidole viwili. Babu walikifanya hivyo kwa makusudi ili mwizi asiyeijua nyumba ajikwae. Bi Somoye alizaliwa katika chumba kile cha ndani, akazalia humo, akamwoshea humo mama yake na mumewe walipofariki. Hakuwahi kujikwaa ngazini hata siku moja.

Nyumba ile ilikuwa na sharti moja tu. Kila mwaka, kabla ya masika, lazima ipigwe chokaa. Mawe yake yalikuwa ya aina inayokunywa maji, na mama yake alimwambia tangu angali mdogo kwamba yakiachwa wazi yatakunywa mpaka yalale chini. Kwa hiyo chokaa ilichomwa tanurini, ikalowekwa shimoni miezi minne. Siku ikifika wanawake wa mtaa mzima walipanda juu ya paa na vipondeo vya mti, wakajipanga mstari, wakaponda chokaa ile kwa nyimbo na vigelegele, siku tatu, mpaka maji ukiyamwaga juu yake yanakaa yakitazama mbingu. Kisha kuta zikapakwa mikono mitatu: wa kwanza wa kuzibia, wa pili wa kushikia, wa tatu wa kupendezesha. Sufuria la wali likawa uani. Ndivyo ilivyofanywa kwa miaka mia tatu, na ndiyo maana nyumba ilikuwa bado imesimama. Hakuna siri nyingine.

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, magari matano yaliingia Mtaa wa Mashubakani, ingawa mtaa wenyewe unatosha punda mmoja na heshima zake. Magari mawili yalikwama. Kutoka katika la tatu alishuka Bwana Gwandumi, Mkurugenzi wa Ustaarabu Uliotoweka, na utepe wa kupimia shingoni. Aliingia bila hodi, akatazama dari, akatazama kuta, machozi yakamlengalenga.

"Tumeigundua," akasema.

Bi Somoye alikuwa akichambua mchele. "Kwani ilipotea, baba?"

"Mama mzee, nyumba hii ni ya kale mno. Hatujui waliijenga akina nani."

"Waliijenga babu zangu. Wa kwanza alikuwa Shekuwe wa Famau, na fundi wake—"

"Usijibu," Bwana Gwandumi akamkata. "Hilo ni swali la kitaalamu."

Akaanza kuzunguka chumba cha ndani, karani wake nyuma akiandika. Alisimama mbele ya mashubaka akavuta pumzi. "Andika. Hapa waliweka mafuvu ya maadui zao."

"Hapo naweka dawa zangu za presha," akasema Bi Somoye. "Na lile la juu ni la sukari, ili sisimizi wasiifikie."

"Andika: mafuvu, na dawa za kienyeji."

Nyuma ya mlango vilining'inia vipondeo vitano vya mti, vyeusi kwa kushikwa na mikono ya vizazi. Bwana Gwandumi akakishusha kimoja, akakipima uzito kwa hofu. Bi Somoye akamweleza kwamba hicho ni kipondeo, cha kupondea chokaa juu ya paa, na kwamba hicho hasa kilikuwa cha mama yake. Karani akaandika kwamba ni rungu la vita, na vyote vitano vikafungwa kwenye karatasi laini vikapelekwa kwenye makumbusho ya mji mkuu, katika sanduku la kioo lenye taa yake peke yake.

Siku ya tatu akaja Mheshimiwa Waziri mwenyewe, amepanda jukwaa lililojengwa kwa haraka mbele ya daka, ukumbi mdogo wa mlangoni, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Leo hii, kuanzia saa hii, na kwa mujibu wa waraka huu, sisi ni taifa lenye zamani! Wale waliotucheka na wacheke tena! Tumeupata ustaarabu, na ninayo furaha kubwa, furaha isiyo kifani, kuwatangazia kwamba umetoweka!"

Watu walipiga makofi kwa sababu askari walikuwa wakiwatazama mikono. Bi Somoye alikuwa amesimama mlangoni kwake, nyuma kidogo ya Waziri, akisubiri amalize ili apite kwenda dukani.

Yalifuata masharti. Bwana Gwandumi alieleza kwa upole kwamba nyumba ya kale bila maisha ya kale ni ukuta tu. Wageni watalipa viingilio, nao watataka kuona watu wa kale walivyoishi kila siku. Bi Somoye ana hiari: ama akubali kuishi kikale kila siku, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, ama ahamishiwe Kambi ya Waliogunduliwa, huko nje ya mji, vibanda vya mabati, kisima cha maji ya chumvi.

"Nikikubali, nyumba nitabaki nayo?"

"Utabaki ndani yake."

"Na chokaa nitaipiga kabla ya masika?"

"Mambo madogo hayo, mama. Yatazungumzwa."

Akakubali. Tusimlaumu. Aliyaweka yote kwenye mizani akaona bora afanywe kichekesho mchana kutwa kuliko kuiacha nyumba bila mtu wa kukumbuka masika. Miezi mitano ilikuwa imebaki.

Wizara ikaleta kitabu. Kitabu kilikuwa kimeandikwa na bingwa ambaye hakuwahi kufika nchi ile, lakini alikuwa amefika karibu. Kwa mujibu wa kitabu, watu wa kale hawakuwa na miwani, hivyo miwani ya Bi Somoye ikachukuliwa. Hawakuwa na redio, hawakuwa na chupa ya chai, wala ndara, wala kalenda. Vyote vikatiwa kwenye gunia, vikapewa namba, vikaenda. Akaletewa vazi la ngozi ya mbuzi ambalo halijakauka vizuri.

"Bibi zangu walivaa hariri," akasema Bi Somoye. "Ipo sandukuni. Njooni muione."

Bwana Gwandumi akafungua ukurasa wa arobaini. "Kitabu kinasema ngozi."

"Na walikula wali kwa sahani za kaure. Nyingine zimejengewa humu humu ukutani, zitazame, zina maua ya buluu."

"Kitabu kinasema mizizi. Sahani hizo ziliokotwa."

Basi Bi Somoye akawa anakaa kwenye jamvi la chumba cha ndani, amevaa ngozi, anasaga mizizi ambayo hailiwi na kiumbe yeyote, mbele ya kamba nyekundu. Mlangoni alisimamishwa mlinzi aitwaye Mahundi, kijana mrefu mwenye sauti ndogo, akamtundikia bibi shingoni kibao: MKAZI WA KALE. USIMGUSE. Wageni walikuja kwa mabasi. Walimpiga picha akisaga, wakampiga picha akinywa maji. Mama mmoja aliyevaa kofia kubwa alimwuliza Mahundi, "Je, anajua kusema?"

"Anajua," akasema Mahundi kwa aibu.

"Mwambie aseme kitu."

Bi Somoye akasema kitu. Mahundi hakukitafsiri, na mgeni akashukuru sana.

Alikasirika? Swali gani hilo! Alikasirika mpaka usiku mate yalimkauka kinywani. Mwanamke aliyeheshimiwa mtaa mzima, aliyesomesha watoto wa watu Kurani katika daka lile lile, leo anatazamwa kama ngedere wa bustani. Mwanahawa alikuwa akirudi kutoka shuleni saa kumi na robo, anamvua ile ngozi, anamwosha mgongo uliotoka vipele, analia. Bibi yake anamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Bado miezi mitatu. Chokaa imo shimoni, imelala vizuri." Na hakika ilikuwa imelala. Mahundi alikuwa ameambiwa shimo lile la uani ni kaburi la mfalme, akaagizwa asimruhusu mtu kulisogelea. Na yeye Bi Somoye, kwa mara ya kwanza, hakusahihisha.

Mwezi mmoja kabla ya masika, Bwana Gwandumi alirudi na vibarua kumi na wawili na brashi za waya.

Sasa hapa ndipo pa kutulia, kwa maana kosa lililofanyika hapa halifanywi na mjinga wa kawaida. Mjinga wa kawaida anauliza. Kosa hili linahitaji shahada mbili. Bwana Gwandumi alikuwa amegundua kwamba katika picha zote za kitabu, majengo ya kale ni ya kijivu, mawe wazi, yenye mianya na magugu. Nyumba ya Bi Somoye ilikuwa nyeupe. Akafikiri siku nyingi, akaandika ripoti ya kurasa mia na themanini, akahitimisha kwamba weupe ule ni uchafu wa siku hizi uliofunika ukale. Uchafu huo uondolewe.

Bi Somoye aliruka kamba nyekundu, kibao kikimpiga kifuani. "Musiiguse! Hiyo chokaa ndiyo nyumba! Mawe haya yanakunywa maji, baba, yanakunywa! Mukiyavua nguo yatalala chini!"

"Mama mzee, sisi tunaurudisha ukale wake."

"Ukale wake ni huo munaoukwangua! Mkono wa juu ni wa mwaka jana, wa chini yake wa mwaka juzi, endelea kukwangua utafika kwa babu zangu, kila mmoja ameacha mkono wake humo!"

Karani akauliza kama aandike. Bwana Gwandumi akasema hapana, hii ni hisia.

Walikwangua siku sita. Kisha wakapanda juu ya paa na sururu, wakalivunja lile tabaka lililopondwa na wanawake wa mtaa miaka yote hiyo, wakalitupa kwa mikokoteni. Nyumba ikawa ya kijivu, ina mianya, ina sura ya mtu aliyetolewa hospitali kabla ya kupona. Waziri alitumiwa picha. Akajibu kwa neno moja: "Safi."

Bi Somoye hakukata tamaa. Alijihesabia: chokaa ipo, wanawake wapo, vipondeo vitaazimwa mitaa mingine, siku tatu za paa na siku mbili za kuta zatosha. Kilichobaki ni kibali, kwa sababu kugusa kumbukumbu ya taifa bila kibali ni kifungo cha miaka saba. Siku ya mapumziko ya watu wa kale, yaani Jumatatu, alivaa buibui lake, akafuatana na Mwanahawa mpaka lile jengo la vioo.

Dirisha la kwanza liliwapeleka dirisha la tisa. Dirisha la tisa lilikuwa limepakana na la kwanza. Dada wa dirisha la tisa akatazama fomu, akasema ombi la kugusa nyumba huletwa na mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba ni mimi," akasema Bi Somoye.

Dada akafungua jalada. "Humu imeandikwa mwenye nyumba ni Ustaarabu wa Mashubakani."

"Ndio sisi hao. Mimi na huyu mjukuu wangu na majirani."

"Na hapa imeandikwa umetoweka."

"Dada," Mwanahawa akaingilia, "bibi yangu amesimama mbele yako. Umempa kiti mwenyewe."

"Mimi nilimpa kiti mama mzee. Sikumpa kiti ustaarabu." Akafunga jalada. "Aliyetoweka haombi kibali. Na akiomba, inabidi kwanza alete barua ya kuthibitisha kwamba yupo, iliyosainiwa na mtu aliyekuwepo kabla hajatoweka."

Walizungushwa mpaka alasiri, na kelele za Mwanahawa zikafika ghorofa ya juu. Mheshimiwa Waziri akaamuru waletwe. Akawapokea kwa tabasamu, akawaagizia soda, akaketi pembeni mwa meza yake ili waone kwamba ni mtu wa watu.

"Mama yangu," akasema, "tusikilizane kama mtu na mwanawe. Wewe ukiwepo, ile inakuwa nyumba ya mama fulani, ina mashubaka, basi. Nani atapanda ndege aje kuona nyumba ya mama fulani? Lakini ukitoweka! Ukitoweka wewe unakuwa fumbo! Dunia nzima inakuja kuuliza, walikwenda wapi hawa? Taifa linakuomba sadaka ndogo tu ya kutokuwepo. Wengine walitoa damu yao."

"Mimi sitaki kutokuwepo, bwana mkubwa. Nataka kupiga chokaa tu. Masika yamebakiza wiki mbili."

"Basi nitakusaidia, faili lako lisikusumbue tena." Akagonga kengele. Ikaletwa karatasi nzito yenye nembo ya taifa na mihuri mitatu, na Waziri akaitia saini kwa kalamu ya dhahabu. Ilikuwa imeandikwa hivi: Hati ya Kutoweka. Inathibitishwa kwamba Somoye binti Shekuwe, pamoja na ustaarabu wake wote, ametoweka, na hayupo kwa shughuli zozote za kiserikali. Yeyote atakayedai kinyume cha hati hii atakuwa ameikosoa serikali.

Bi Somoye hakuwa na miwani. Mwanahawa alimsomea njiani, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Alipomaliza, bibi yake aliikunja ile karatasi vizuri, akaitia kifuani.

Masika yalikuja kwa siku yake, maana mvua haina kibali.

Siku ya kwanza kuta zilibadilika rangi. Siku ya nne maji yalianza kutoka ndani ya mashubaka, yakichuruzika kutoka la juu hadi la chini, safu kwa safu. Bi Somoye, amevaa ngozi, alikuwa akisogeza jamvi kutoka pembe hii hadi ile, na wageni wakaambiwa kwamba hiyo ni ibada ya maji. Siku ya tisa, saa saba mchana, aliweka kiganja ukutani, kidole kikaingia kama kwenye mkate uliochovywa chai. Akasikia boriti juu ikilia mara moja.

Akainuka, akaenda mlangoni. "Mahundi, mwanangu, nipishe. Nyumba inashuka."

Mahundi akatazama saa yake. "Bibi, amri inasema saa kumi. Ukitoka kabla wananifukuza kazi."

"Na wao wageni?"

"Wageni wanaruhusiwa kutoka muda wowote."

Wageni wakatoka. Wakati ule ule Mwanahawa alikuwa anakuja mbio kwenye mvua, ameacha darasa, kwa sababu majirani walimpelekea habari kwamba ukuta wa nyuma umetoa tumbo. Akamkuta Mahundi amesimama katikati ya mlango, mikono huku na huku.

"Kaka, we una bibi?"

"Ninaye."

"Anaitwa nani?"

"Bi Tausi."

"Na huyu anaitwa Somoye. Sio kinyago. Haya, mfungie humo ndani, kisha ukamweleze Bi Tausi ulichofanya leo."

Mahundi akashusha mikono. Akaingia mwenyewe, akambeba Bi Somoye mgongoni mpaka upande wa pili wa mtaa, kibao kikiwa bado shingoni mwa mwanamke yule. Hawakuwa wamefika mbali. Ukuta wa nyuma ulikwenda kwanza, kisha paa, kisha chumba cha ndani na mashubaka yake ishirini na manne, na hariri sandukuni, na ngazi yenye kipandio kilichozidi vidole viwili. Miaka mia tatu ilichukua muda wa kupiga chafya mara tatu. Vumbi halikupanda hata kidogo, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimelowa.

Bi Somoye alipiga ukemi mmoja. Wanawake wa mtaa wakatoka, wale wale ambao wangekuwa juu ya paa na vipondeo mwezi ule, wakalia kama walivyolia siku alipokufa mama yake. Wakakaa matanga siku tatu, katika daka la jirani, wakipokea pole. Watu waliokuja hawakuona ajabu yoyote. Msiba ulikuwa msiba.

Kama hamuijui serikali, mtadhani Bwana Gwandumi alifukuzwa. Alipandishwa cheo. Mheshimiwa Waziri alipofika na kuona lile fungu la mawe ya kijivu, magugu yameanza kuchomoza, alikumbatia watu asiowajua. Hatimaye nchi ilikuwa na gofu! Gofu kamili, kama yale ya kwenye kitabu! Hotuba ilichukua saa mbili. Alisema kwamba hapo mwanzo, kwa kweli, walikuwa na wasiwasi kidogo, kwani nyumba ilikuwa nzima mno kuwa ya kale, lakini subira na utaalamu vimezaa matunda. Pakawekwa uzio na kibanda cha tiketi. Na mbele kabisa, juu ya nguzo mbili za chuma, pakasimikwa bao kubwa jeusi lenye herufi za dhahabu.

Bi Somoye alikuwa akiishi chumba cha kupanga nyuma ya shule ya Mwanahawa. Mwezi mzima hakupita mtaa ule. Mwanahawa alimnunulia miwani mipya, na siku aliyoivaa akasema anakwenda kutazama. Alikata tiketi kama watu wengine. Bwana Gwandumi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwatembeza wageni siku hiyo, kwa kuwa walikuwa wageni wakubwa, na bibi akajipanga nyuma yao, akasoma lile bao pole pole, midomo ikicheza.

WAKAZI WA NYUMBA HII WALIKUWA WATU WA VITA NA WALA MIZIZI. HAWAKUJUA KUTUNZA MAJENGO YAO. WALITOWEKA GHAFLA. SABABU HAIJULIKANI.

"Maswali?" akauliza Bwana Gwandumi.

Mkono wa nyuma ukainuka. "Hao waliotoweka," akasema Bi Somoye, "muliwahi kuwauliza?"

Wageni wakacheka. Bwana Gwandumi naye akacheka, hakumtambua. Alikwisha kuzoea kumwona na ngozi na kibao, bila miwani. "Mama mzee, mtu aliyetoweka unamuulizaje?"

"Hivyo ee," akasema Bi Somoye.

Kesho yake asubuhi, mara tu kibanda kilipofunguliwa, alirudi na ndoo, kata, na brashi ya katani. Alikwenda moja kwa moja uani, kwenye lile kaburi la mfalme, akafunua mbao, na chokaa ilikuwa humo, nyeupe, laini kama siagi, imeiva vizuri kabisa. Akachota. Akakoroga na maji. Akaweka tofali chini ya lile bao, akapanda, akaanza kupaka kutoka juu kushuka chini, kama alivyofundishwa. WAKAZI wakaenda. WATU WA VITA wakaenda.

Mahundi, ambaye sasa alilinda uzio, akaja mbio. "Bibi! Bibi Somoye, shuka! Hiyo ni miaka saba!"

"Nikamate, mwanangu. Kazi yako hiyo." Akafuta mkono kwenye kanga, akatoa kifuani ile karatasi ya mihuri mitatu. "Ila soma kwanza."

Mahundi akasoma. Akasoma tena. Akampigia simu Bwana Gwandumi, akamweleza, akamsomea hati mpaka mwisho, pamoja na jina la aliyesaini. Bwana Gwandumi alikuwa akipiga hesabu. Mwanamke huyu akikamatwa, itabidi aandikwe jina kituoni. Akiandikwa jina, yupo. Akiwa yupo, basi nyumba ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alilia kwa sauti mbele ya karani kwamba wasiikwangue, na kuna watu waliokwangua.

"Mahundi," sauti ikasema hatimaye, "serikali haikosei. Kama imeandikwa hayupo, hayupo. Hapo ulipo hapana mtu."

"Bao linapakwa chokaa, mkuu."

"Ni hali ya hewa." Simu ikakatwa.

Mahundi akairudisha ile hati kwa mikono miwili. Bi Somoye akaitia kifuani, akageukia bao. Tofali lilikuwa likiyumba, na ndoo ilikuwa mbali kidogo na mkono wake.

"Bibi, nimeambiwa hapa hapana mtu."

"Basi kama hapana mtu, nishikie ndoo."

Mahundi akatazama barabarani huku na huku, kisha akaiinua. Kwenye lango la uzio wanawake wawili wa mtaa walikuwa wamesimama wakitazama. Mmoja akageuka kwenda kuwaita wenzake. Brashi ikashuka mpaka mstari wa mwisho. Bi Somoye aliusoma tena, neno kwa neno, kisha akaupaka, akaupaka kwa nguvu mpaka bao likatikisika kwenye nguzo zake, na machozi yalikuwa yakimtiririka ndani ya ile miwani mipya, nayo yalikuwa ya hasira tupu.

"Mkono wa kwanza huo," akasema, akishuka. "Ukikauka narudi. Bado miwili."